Nimechoka na kontena: niuze gari au nibadilishe mzigo?

Barua

Kwako mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwenye gari na dereva wa gari hilohilo. Naishi Mbagala, nina miaka 46. Nina kichwa kimoja cha difu mbili na tela la skeletoni (fremu tupu ya kubebea kontena) la futi 40, ekseli tatu. Kwa miaka sita nimekuwa nikitoa kontena Bandari ya Dar es Salaam au kwenye bandari kavu za mjini, napeleka Mbeya, kisha narudisha kontena tupu kwenye yadi ya kampuni ya meli.

Nimechoka kabisa. Mwezi uliopita nimefanya safari tatu tu. Siku 11 gari lilikuwa limesimama: nne nikisubiri karatasi za wakala wa forodha, tatu Mbeya kwa mteja ambaye hakuwa na vibarua wa kushusha, na nne nyingine kwenye foleni ya kurudisha kontena tupu. Hakuna aliyenilipa siku hata moja kati ya hizo.

Nauli ni 3,600,000 kwa safari, kwenda na kurudisha tupu. Dalali anachukua 180,000. Mafuta nanunua lita 690 kwenda na kurudi, kwa wastani wa 2,800 lita moja. Chakula, maegesho na mengine ya njiani ni 250,000. Utingo namlipa 250,000 kwa mwezi. Bima kubwa ni 3,600,000 kwa mwaka. Vibali na maegesho ya nyumbani ni kama 100,000 kwa mwezi. Benki narejesha 1,450,000 kila mwezi, bado miezi 14. Nyumbani natoa 900,000 kwa mwezi.

Wakala mmoja namdai safari mbili, 7,200,000, mwezi wa pili sasa. Juzi tena nimeambiwa nilipe 420,000 kwa sababu mlango wa kontena una bonde, nami nina hakika nililichukua likiwa hivyo.

Rafiki yangu anasema niuze vyote ninunue tipa. Mwingine anasema niweke dereva nipumzike. Mke wangu anataka tuuze, tulipe benki, tufungue duka la vifaa vya ujenzi. Kuna fundi yuko tayari kunichomelea sakafu juu ya skeletoni kwa milioni 6 ili nibebe mzigo wa kichele, yaani usio ndani ya kontena. Na hii treni ya SGR na bandari kavu ya Kwala, nasikia ndiyo inakuja kutumaliza. Niache kontena? Nianzie wapi?

Mwenye gari, Mbagala

Jibu

Ndugu yangu, pole kwa siku hizo 11. Acha kontena, ila kichwa usikiuze bado. Kinachokufunga kwenye foleni za bandari ni tela. Kichwa chako kinaweza kuvuta flati, yaani tela la sakafu bapa, kesho asubuhi, na ukiuza vyote viwili kwa hasira utauza kile kinachoweza kukutoa hapo ulipo.

Kwanza tuitazame safari moja kwa hesabu ulizotoa mwenyewe. Nauli 3,600,000. Toa mafuta 1,932,000, dalali 180,000 na gharama za njiani 250,000. Inabaki 1,238,000, na bila shaka ndiyo unayoiona mfukoni ukifika Dar. Lakini gari limeshakula vitu ambavyo hujavilipia bado. Una matairi 22 chini, kumi ya kichwa na 12 ya tela. Tairi la 550,000 likienda kilomita 80,000, seti nzima inakugharimu kama shilingi 150 kwa kila kilomita. Mbeya na kurudi ni kama kilomita 1,660, kwa hiyo matairi yamekula 249,000. Oili, filta na grisi weka shilingi 50 kwa kilomita: 83,000. Akiba ya breki, klachi, springi, injekta na bushi weka 160 kwa kilomita: 265,600. Safari imebakiza 640,000.

Safari tatu ni 1,920,000. Sasa angalia kinachotakiwa kila mwezi gari likitembea au lisitembee: benki 1,450,000, utingo 250,000, bima 300,000 ukiigawa kwa miezi 12, vibali na maegesho 100,000, na hiyo 900,000 ya nyumbani. Jumla 3,000,000. Kila mwezi unapungukiwa 1,080,000. Kama hujaliona pengo hilo ni kwa sababu unalijaza kwa fedha ya matairi na ya akiba ya matengenezo. Siku matairi manane yatakapokwisha kwa pamoja, au injini itakapotaka kufunguliwa, hakutakuwa na kitu.

Na usidhani ni suala la kukazana zaidi. Safari nne kwa mwezi zinaleta 2,560,000, bado hazitoshi. Zinahitajika tano, na kwa foleni ulizozieleza tano haziwezekani. Nauli moja inayolipia njia mbili, kwa mtu mwenye gari moja na deni la benki, haitoshi. Kampuni yenye magari 60 inaweza kuimudu kwa sababu ina yadi yake, ina mtu wa kushinda kwa wakala akifuatilia karatasi, na gari moja likisimama mengine yanatembea. Likisimama lako, biashara nzima imesimama.

Hiyo 3,000,000 igawe kwa siku 30 upate 100,000. Ishike namba hiyo. Ndiyo bei ya siku yako moja, na kila mzigo utakaoitiwa kuanzia leo upime kwa hiyo: umeacha shilingi ngapi, na umekula siku ngapi? Zile siku 11 zilikuwa 1,100,000, karibu sawasawa na pengo lako.

Flati, na hesabu yake isiyopendeza

Tela ninalokushauri ni flati la ekseli tatu lenye kuta za pembeni zinazofunguka na loki za kontena sakafuni. Loki ni lazima, nitaeleza kwa nini.

Chukua mfano huu, kisha weka bei halisi utakazopewa. Kwenda Mbeya unabeba tani 30 za mbolea kwa 105,000 kwa tani: 3,150,000. Kurudi unabeba tani 28 za mchele au mahindi kwa 60,000 kwa tani: 1,680,000. Jumla 4,830,000. Mafuta sasa ni njia mbili zenye mzigo, kama lita 790: 2,212,000. Njiani 300,000. Madalali wawili, asilimia 5 kila mmoja, 241,500. Matairi, oili na akiba vinabaki 597,600. Turubai na kamba huchakaa, tenga 50,000. Inabaki kama 1,430,000 kwa safari, na safari tatu zinakupa 4,290,000 dhidi ya mahitaji yako ya 3,000,000.

Sasa ondoa mzigo wa kurudi kwenye hesabu hiyohiyo. Inabaki kama 113,000 tu. Flati linalorudi tupu ni baya kuliko kontena lako la sasa, na wanaokusifia mzigo wa kichele mara nyingi hawasemi hivyo. Kwa hiyo uamuzi wako wote unasimama juu ya swali moja: je, unaweza kupata mzigo wa kurudi Dar bila kukaa Mbeya siku tano ukiusubiri?

Si swali jepesi. Magari mengi yanayoshuka kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma yakiwa matupu na yanautaka huohuo, ndiyo maana nauli ya kushuka ni ndogo kuliko ya kupanda. Usitegemee dalali wa maegesho peke yake. Zungumza na wasaga nafaka na wenye maghala wa Dar wanaonunua mchele Igurusi au mahindi Songwe. Wao ndio wanaojua wiki ijayo watahitaji gari. Mafinga kuna mbao, Njombe kuna viazi. Semi haiingii Tandale kirahisi, hivyo patana mapema mahali pa kushushia na nani anawalipa vibarua, la sivyo utahamisha ile foleni ya bandari ukaipeleka sokoni.

Kuna kiwango cha chini cha kukubali. Kurudi na mzigo kunakuongezea kama lita 100 za mafuta, yaani 280,000, siku mbili za kupakia na kushusha, 200,000, na vidogovidogo vya kama 80,000. Mzigo wa kurudi wa gari zima ukiwa chini ya 560,000, rudi tupu.

Halafu kuna msimu. Mbolea hupanda kwa wingi kuelekea mvua za Novemba na Desemba. Mpunga na mahindi ya nyanda za juu hushuka baada ya mavuno, kuanzia Mei na Juni. Januari hadi Aprili mambo hupoa. Hapo ndipo loki za kontena zinapokusaidia: flati lako linabeba kontena kipindi hicho, kwa masharti yako, wala hulazimiki kufa nalo mwaka mzima.

Sakafu ya fundi

Hiyo milioni 6 usiitoe. Skeletoni imetengenezwa kupokea uzito kwenye sehemu chache, pale kontena linapokaa na kufungwa. Kontena lenyewe ni boksi gumu. Linasaidia kubeba na kuzuia tela lisijikunje. Ukiweka sakafu na kumwaga mifuko 600 ya kilo 50, uzito unasambaa juu ya boriti zilizoachwa wazi makusudi ili tela liwe jepesi. Ili ishike itabidi kuongeza vyuma vya kukatiza kila sentimita 30 hadi 40 na bati la milimita 3 au 4 juu yake, na tela litaongezeka tani moja na nusu hadi mbili. Kila mahali fundi atakapochomelea kwenye bapa la chini la boriti kuu, ameanzisha mahali pa kupasukia. Kama skeletoni yako ni ile yenye shingo iliyoshuka mbele, sakafu hata haitalingana. Iuze kama skeletoni kwa anayetaka skeletoni.

Kabla ya kununua flati, kodi moja kwa safari mbili tatu, au vuta la mwenye tela asiye na kichwa mkagawana. Utajifunza mzigo kwa fedha ndogo. Hakikisha kingipini (pini ya chini, mbele ya tela, inayoingia kwenye sahani ya kichwa) ni ya inchi 2 kama sahani yako, kimo kinaendana, na mabomba ya upepo na soketi ya umeme vinaingiana.

Ukifika wakati wa kununua, nenda na vernia (kipimo cha kipenyo) na futi ya chuma. Kingipini mpya ina kipenyo cha milimita 50.8 pale inapokamatwa na sahani. Ikishafika 49 imekwisha. Simama nyuma ya tela likiwa tupu, inama, tazama kwa urefu wa boriti kuu. Flati zima huwa limepinda juu kidogo katikati, kama upinde. Likiwa limenyooka au limelala, limeshabebeshwa kupita kiasi, na bei yoyote uliyoambiwa ni kubwa. Kwangua matope na rangi karibu na bamba la kingipini, kwenye mashikio ya springi na juu ya miguu ya tela. Nyufa huanzia hapo, na rangi mpya sehemu hizo pekee ni ishara mbaya. Kisha pima kutoka kingipini hadi ncha ya kulia na ya kushoto ya ekseli ya kwanza. Tofauti ikizidi milimita 3, tela linatembea upande na litakumalizia matairi, hata uweke ya bei gani.

Karatasi: tela lina kadi yake na namba yake. Kama kadi ya skeletoni ina jina la benki pia, huwezi kuiuza kabla benki haijaridhia kwa maandishi. Anzia huko. Mweleze ofisa wa mikopo kwamba unabadilisha dhamana, umpelekee hesabu ya safari kama hizi, na uombe flati lichukue nafasi ya skeletoni kwenye mkopo uleule. Omba mapema, kabla hujachelewesha rejesho hata moja, maana baada ya hapo maombi yako yatasomwa kwa jicho jingine. Bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, navyo viingizwe tela jipya kabla halijatoka yadini.

Kitu ambacho kontena lilikuficha

Ukibeba kontena, jukumu lako ni namba na lakiri. Lakiri ikifika nzima, kilichopungua ndani si hesabu yako. Kwenye kichele unasaini idadi. Mifuko 600 ikifika 594, sita zinakatwa kwenye nauli yako, na kwa mbolea mifuko sita inauma. Utingo ahesabu upande mmoja, wewe upande mwingine, mstari kwa mstari wakati wa kupakia. Msimalize kwanza ndipo mhesabu. Andika kwenye delivari (hati ya kukabidhi mzigo) kabla ya kusaini: "mifuko 600, 4 imechanika." Asiyekuruhusu kuandika hivyo, mwachie mzigo wake.

Mahindi na mchele hupungua uzito njiani kwa kukauka. Kama mnapimana kwa mizani pande zote mbili, patana kiasi cha upungufu kisichokatwa, kwa mfano nusu ya asilimia, kiandikwe. Mbolea ikilowa ni yako, kwa hiyo turubai mbili, ya chini isiyo na tundu. Baada ya kushusha mbolea, osha sakafu na fremu kwa maji mengi siku hiyohiyo. Chumvi yake inakula chuma na nyaya za taa. Mazao yatembee na risiti ya ushuru wa halmashauri. Mbao zina hati yake ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Usikubali kuambiwa karatasi zinakuja nyuma. Bima yako kubwa ni ya gari. Mzigo una bima yake: ama mwenye mzigo akuonyeshe anayo, ama uikate na kuiweka ndani ya nauli.

Mizani nayo inabadilika. Chini ya sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ekseli yako ya mbele inaruhusiwa tani 8, mbili za nyuma za kichwa 18, tatu za tela 24, jumla 50. Kontena liko mahali pamoja siku zote ukilifunga loki zilezile. Hata hivyo, yule anayekuomba uweke kontena la futi 20 lenye tani 28 mwishoni mwa tela ili afungue mlango kwa urahisi anakutafutia faini: uzito karibu wote unakaa kwenye ekseli tatu za tela, ambazo tayari zina uzito wa tela lenyewe. Liwekwe katikati. Kwenye kichele kosa hili linafanywa na vibarua, wanaoanza kujaza nyuma au mbele kwa kasi na kumalizia kwa kilichobaki. Kichwa tani 9, flati 7, mzigo 30: jumla 46, uko salama kwa jumla, lakini ekseli moja ikizidi unalipishwa hivyo hivyo Vigwaza, Mikese, Wenda au Makambako. Simamia upakiaji wewe mwenyewe, sambaza kuanzia mbele, acha rundo lote liwe na kimo kimoja.

Halafu mlima Kitonga. Miaka sita umekuwa ukipanda Kitonga na mzigo na kuteremka na boksi tupu. Sasa utateremka na tani 44 au zaidi. Kabla ya safari ya kwanza ya kurudi na mzigo, fungua ngoma zote za tela. Laini ya breki ikibaki chini ya milimita 6.5 badilisha, na badilisha pande zote mbili za ekseli. Chemba ya breki ya namba 30, ukikanyaga breki kwa nguvu, fimbo yake isitoke zaidi ya milimita 51. Ikizidi, slaki (mkono unaokaza breki) inahitaji kurekebishwa, au imekufa. Gia unayoingilia juu ndiyo unayotokea chini: chagua kabla mteremko haujaanza, breki ya injini ikiwa imewashwa, na breki ya mguu iguse kwa vipindi badala ya kuikalia. Ngoma ikishachemka, laini inateleza hata kama ni mpya.

Kutoka kwenye kontena bila kuacha fedha nyuma

Usimtangazie mtu yeyote kwamba unaacha mpaka ile 7,200,000 iwe imeingia. Mwandikie wakala barua ya madai yenye tarehe, namba za kontena, nakala za delivari zilizosainiwa na kugongwa mhuri, na siku 14 za kulipa. Nakala nyingine mpelekee mwenye mzigo, ambaye pengine alishalipa zamani na hajui kwamba fedha haijakufikia. Usimbebee wakala huyo tena bila nusu ya nauli kabla gari halijatoka. Na tafadhali, usishike kontena lake la mwisho kama rehani. Boksi ni la kampuni ya meli na mzigo ni wa mtu mwingine. Siku za ucheleweshaji zitakuwa zinahesabiwa, na zitakuangukia wewe uliye nalo mkononi.

Kuhusu mlango wenye bonde, kila kitu kinategemea ile karatasi ya makabidhiano uliyopewa wakati kontena linatoka. Itafute leo, au omba nakala kwa wakala au getini lilipotokea. Ikiwa bonde limeandikwa, deni limekufa. Ikiwa karatasi ni safi, wa mwisho kulishika ndiye anayebebeshwa. Hapo omba makadirio ya matengenezo kwa maandishi na upinge bei, kwa sababu kunyoosha bonde na kubadilisha mlango ni kazi mbili tofauti. Kwa kontena zilizobaki, piga picha pande nne, milango, sakafu ya ndani likiwa tupu, na moja inayoonyesha herufi nne na tarakimu saba za namba yake, ukiwa bado ndani ya geti.

Na kila kontena utakalobeba katika kipindi hiki cha kuhama liwe na mstari mmoja kwenye makubaliano: saa 24 za kupakia na 24 za kushusha ni bure, baada ya hapo 100,000 kwa siku, na ucheleweshaji wa kurudisha tupu usio wa gari si wa mwenye gari. Wengine watakataa. Watakaokubali ndio wa kubaki nao kwa ajili ya Januari hadi Aprili.

Kuhusu treni, hofu yako ina msingi ila usiipeleke mahali pasipo pake. Kwala ilizinduliwa Julai 2025 na SGR inaelekea Dodoma na kanda ya kati. Itawabana kwanza wanaobeba kontena upande huo. Njia yako ya Mbeya ina TAZARA, ambayo ni reli nyingine. Tazama pia lililowapata wenzetu wa Mombasa: Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza kontena zinazokwenda Nairobi na nchi jirani zipite relini, wenye malori wakaandamana, na agizo likaondolewa Septemba 2022. Mwenye skeletoni pekee hakuwa na pa kukimbilia miaka hiyo mitatu. Ni sababu nyingine ya kutaka tela linalobeba zaidi ya boksi.

Tipa ni mtaji mwingine na gari jingine. Kichwa chako hakigeuki tipa bila kukata fremu, na kazi ya mchanga na kokoto inafuata miradi, ikiisha unakaa. Kuweka dereva kwa sasa haiwezekani kihesabu: mshahara na posho yake vitatoka kwenye ileile 900,000 ya nyumbani, na gari halijajitosheleza hata likiendeshwa na mwenyewe. Fikiria hilo baada ya mkopo kwisha.

Wazo la mama watoto lisikilizwe kwa uzito. Benki unadaiwa marejesho ya 20,300,000. Uliza bei ya kichwa na ya skeletoni kwa watu watatu wanaonunua kweli, toa deni, uone kinachobaki. Uliza benki pia kama kulipa mapema kunapunguza riba. Andikeni wote wawili kiasi hicho kwenye daftari kabla hujakodi flati. Kisha fanya safari sita za flati, kila moja ikiwa na ukurasa wake: siku ilizokula, lita zilizoingia, nauli ya kwenda, ya kurudi, kilichobaki baada ya kutoa shilingi 360 kwa kilomita za matairi, oili na akiba, ambazo uziweke kwenye akaunti ya pembeni usiyoigusa. Kilichobaki ukikigawa kwa siku kikiwa 100,000 au zaidi, nunua tela. Kikicheza kati ya 80,000 na 100,000, angalia ni siku zipi zilizopotea kabla hujaamua. Kikiwa chini ya hapo baada ya safari zote sita, uza kichwa kikiwa bado kinatembea, matairi yakiwa bado na meno, maana la kutembea na la kuvutwa bei zake hazifanani.